Tulipatana bei

Mama yule alikuwa anasubiri mpunga wake ukobolewe. Mimi niliingia pale mashineni Igurusi kununua mchele wa nyumbani, na kwa zile kelele sikusikia aliponiita mara ya kwanza. Aliponishika bega ndipo nikageuka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za Mbeya na baridi ya huko. Kilemba chake kilikuwa cheupe kwa pumba.

Nikamuuliza, nikiwa tayari na furaha ya jibu: "Na ile fidia, mama, walimaliza?"

"Walimaliza. Laki sita yote."

"Mungu ashukuriwe."

Akakivua kilemba, akakikung'uta, akakifunga upya. "Mwanangu, siku ile ulimuuliza yule mzee atatoa ngapi. Ukaniuliza mimi nataka ngapi. Kitu kingine hukuniuliza."

Hakuwa na hasira. Aliyasema kama mtu anayekurudishia leso uliyoisahau kwake. Kisha mwenye mashine akaita zamu yake, akaenda kushika mdomo wa gunia, nami nikabaki nimesimama na ndoo yangu mkononi.

Ilikuwa wiki ya pili ya Juni. Tangu siku hiyo nimeendesha vikao vinne vya usuluhishi, na katika kila kimoja maneno yale yamenirudia nikiwa katikati ya kuuliza.

Aprili

Sina haja ya kueleza ugomvi wa wakulima na wafugaji wa bonde la Usangu, huku Mbeya. Anayesoma hapa anayajua, au ana ndugu anayeyajua. Nimebadilisha vitu vichache ili wahusika wasitambulike, na kijiji sikitaji.

Ng'ombe waliingia kwenye majaruba ya mama huyu, mjane, mpunga ukiwa unachanua. Aliyekuwa nao ni kijana wa miaka 19, lakini mali ni ya mjomba wake. Bwana shamba alikagua akaandika kwamba zimepotea gunia 12. Mama alitaka laki tisa. Mjomba akasema uwezo wake ni laki nne. Kikao cha kwanza kilivunjika kwa kelele, ndipo kamati ya usuluhishi ya kijiji ikaniita nikae nao, kwa kuwa niliwahi kuwafundisha baadhi ya wajumbe.

Tulianza saa nane na nusu mchana. Saa tisa na nusu tulikuwa tumemaliza.

Laki sita: nusu siku ileile, nusu ndani ya mwezi mmoja. Mjomba akasaini. Mama akachovya dole gumba kwenye wino. Mzee mmoja wa kamati akasema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo," wote tukaitikia. Tukapiga picha. Mimi nikaikimbilia Noah ya saa kumi, ambayo ndiyo gari ya mwisho kutoka pale kwenda barabara kuu, na njiani nikaandika kwenye simu sentensi ya ripoti: mgogoro umesuluhishwa ndani ya saa moja.

Ndani ya saa moja. Niliiandika kama sifa.

Nikikikumbuka chumba kile sasa, naona mambo ambayo siku ile yalikuwa mbele ya macho yangu na sikuyaona. Mama alikaa kwenye mkeka, wanaume kwenye mabenchi. Aliyezungumza kwa niaba yake muda mwingi ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Kijana hakukaa kabisa. Alichuchumaa mlangoni, fimbo ameilaza magotini, na hakuna aliyemgeukia. Jambo lilitokea kati ya watu wawili, uso kwa uso, ndani ya maji ya jaruba, na hao wawili ndio ambao hawakusemeshana hata neno.

Niliwasuluhisha mjomba na shemeji. Hao hawakuwa wamegombana.

Neno moja, kazi mbili

Nenda soko la Mwanjelwa ukaulize bei ya tenga la nyanya. Muuzaji ataje yake, wewe utaje yako, mvutane, mcheke kidogo, mwisho mkutane mahali: mmepatana. Bodaboda akikwambia "tupatane kwanza," anazungumzia nauli. Na neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa ndugu wawili ambao hawajasalimiana miaka saba, wakakutana msibani, mmoja akamshika mwenzake mkono. Wamepatana. Kila mmoja amempata mwenzake.

Nimefanya kazi hii miaka sita bila kutambua kwamba neno ni moja na kazi ni mbili.

Suluhu nayo iko hivyo. Watangazaji wetu wa mpira hutofautisha: timu zikifungana bao moja kwa moja ni sare, lakini ikiwa hakuna aliyeona nyavu, ni suluhu. Dakika tisini zimeisha, kila mmoja kachukua pointi yake, na nyavu ziko kama zilivyokuwa asubuhi. Karatasi ile ya Aprili ilikuwa suluhu ya namna hiyo.

Halafu kuna ule msemo wa mzee. Ndwele ni ugonjwa. Nimeusikia msemo huo katika vikao vingi, kuanzia Mbalizi hadi Kilolo, na nikivipitia moja moja kichwani sikumbuki hata mara moja ukitoka kinywani mwa aliyeumizwa. Husemwa na mkubwa wa kikao, au na aliyekosa, au na jamaa aliyechoka. Sidhani kwamba wana nia mbaya. Wanataka watu waishi tena pamoja, na kijijini hakuna pa kuhamia. Lakini kwa mama yule yaliyopita ndiyo yaliyokuwa ndwele yenyewe, na sisi tukamwitikia mzee kwa sauti moja mbele yake.

Yeye hakuitikia. Hilo nalikumbuka vizuri sasa.

Siku tano ukumbini

Nilianza kama msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua. Usuluhishi nilikuja kuusomea baadaye, siku tano kwenye ukumbi mmoja hapa mjini Mbeya, kwa daftari na kalamu na chai ya saa nne. Tulifundishwa jinsi ya kuwakaribisha watu na kupanga viti. Tulifundishwa kumwacha kila mmoja amalize bila kukatizwa, kuwatoa mmoja mmoja kwa kikao cha faragha, kutafuta haja iliyojificha nyuma ya dai. Tukafanya maigizo, mimi nikiwa mwenye nyumba anayemfukuza mpangaji.

Yalikuwa mafunzo mazuri na sitaki kuyabeza. Siku nzima ya nne tuliitumia kwenye kuandika makubaliano: nani atafanya nini, lini, mbele ya nani, na asipofanya itakuwaje. Asiyejua kuandika makubaliano anawaachia watu kesi ya pili. Nimeshika mkononi karatasi iliyosema "atalipa akivuna," na mdaiwa mwaka ule hakulima. Nimeona nyingine iliyosema "wataheshimu mpaka wa zamani," wakati ugomvi wenyewe ulikuwa mpaka wa zamani ni upi. Mtu anayetaka kuingia katika kazi hii ajifunze hilo mpaka alijue akiwa amefumba macho.

Mkufunzi wetu alikuwa hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo, mama mmoja mpole, mwenye sauti ndogo iliyotufanya sote tusogee mbele. Siku ya mwisho, watu wakisubiri vyeti, alisema jambo ambalo nililiandika nikalipigia mstari.

"Mkiona wamekubaliana haraka, ulizeni nani ana haraka."

Niliporudi kutoka Igurusi niliitafuta ile daftari usiku uleule. Nani alikuwa na haraka? Mjomba, kwa sababu malisho hayasubiri. Kamati, kwa sababu walikuwa wamekaa tangu asubuhi bila posho wala uji. Shemeji, labda.

Na mimi, mwenye Noah ya saa kumi.

Nilikaa na hilo siku nyingi. Nimezoea kuwaangalia wadaawa, yaani wenye ugomvi, na kupima nani ana nguvu zaidi chumbani, nani ana pesa, nani ana ukoo mkubwa. Sikuwahi kujihesabu. Mtu aliyetoka mjini, mwenye cheti, ambaye mwenyekiti amemwandalia kiti cha plastiki peke yake, akitazama saa mara mbili, chumba kizima kinaanza kutafuta namba ya kukubaliana.

Siku thelathini

Rafiki yangu wakili alinitetea. Alisema haraka imo ndani ya mfumo. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza la kata haliamui tena mgogoro wa ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na zikipita siku 30 bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya bila kusubiri cheti cha kata. Kwenye mambo ya kazi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi nayo ina siku 30 za kusuluhisha kabla shauri halijaenda kwa mwamuzi.

Namheshimu, lakini hapo sikubaliani naye. Siku 30 ziliwekwa ili mtu asizungushwe. Nimewaona watu waliozungushwa na mabaraza hadi mwenye shamba akazeeka. Sheria inasema siku thelathini, haisemi saa moja. Zile siku 29 nilizozibakiza ni mimi niliyezitupa.

Na yale mabadiliko ya 2021 mimi niliyapenda, ingawa wajumbe wengi waliona wamenyang'anywa meno. Niliwahi kukaa na baraza moja miezi michache baada ya sheria kupita. Mjumbe wa siku nyingi akafungua kinywa, "Baraza linaamua kwamba..." akanyamaza. Akaanza upya: "Baraza linaona..." Akanyamaza tena. Mara ya tatu akawageukia wale wazee wawili wenye ugomvi wa mpaka, akawauliza, "Ninyi mnaonaje?" Nilitamani kila mwanafunzi wa kazi hii angekuwepo. Ule ugumu wa kuliacha neno "linaamua" ndiyo nusu ya mafunzo.

Kinachonisumbua zaidi ya sheria ni fomu zetu. Kila ripoti niliyowahi kujaza ina safu ya migogoro iliyopokelewa na safu ya iliyosuluhishwa. Ukimrudia mtu baada ya miezi mitatu kumuuliza analalaje, hakuna pa kuandika.

"Dada, nianzie wapi?"

Vijana huniandikia. Wengine wanasoma sheria Ruaha pale Iringa, wengine Mzumbe kampasi ya Mbeya, wengine wamemaliza ustawi wa jamii na wako nyumbani. Wanauliza njia ya kuwa msuluhishi, na nyuma ya swali kuna lingine wanaloona haya kuliuliza: je, kuna mshahara?

Jibu langu la zamani lilikuwa refu na zuri. Upo mshahara, kwa wachache. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inaajiri wasuluhishi, na huko ndiko mtu anaweza kukaa maisha yake yote akifanya kazi hii na kustaafu nayo. Mahakama imekuwa na usuluhishi ndani ya mashauri ya madai tangu mwaka 1994. Anayetaka kujitegemea, ziko kanuni za mwaka 2021 zinazomtaka atambuliwe na kusajiliwa kupitia Wizara ya Katiba na Sheria kabla ya kujiita msuluhishi au mpatanishi kwa taaluma. Kwa upande wa makosa ya jinai kuna maafisa wa uangalizi, wanaowasimamia watu waliopewa kifungo cha nje au huduma kwa jamii, na maafisa ustawi wa jamii wanaokaa na watoto waliokinzana na sheria. Hawa hawaitwi wasuluhishi, ila anayetaka haki rejeshi, ile inayouliza nani ameumia na nini kifanyike ili apone kabla ya kuuliza sheria ipi imevunjwa, atawakuta wanaifanya kila siku bila kuiita jina hilo.

Waliobaki tunaishi kwa posho za miradi, na mradi ukiisha tunalima. Hilo nalisema wazi, kwa sababu nimewaona vijana wakiacha ajira kwa ajili ya cheti cha siku tano.

Sasa jibu langu limebadilika. Kabla ya yote namwambia kijana: nenda kata yako, omba ruhusa, ukae nyuma. Sheria inataka baraza la kata liwe na wajumbe wanne hadi wanane, watatu wakiwa wanawake. Kaa miezi mitatu bila kusema neno, uwaangalie wale wanawake watatu. Angalia wanasema lini, na wakisema nini kinatokea. Angalia nani anakatizwa. Angalia mlalamikaji anatazama wapi mjumbe anapotaja kiasi cha pesa. Ukirudi nyumbani uandike.

Mmoja tu amefanya hivyo hadi sasa, binti wa Uyole. Wiki ya tano alinipigia simu, akaniambia kuna mjumbe mwanamke ambaye kila mara husubiri watu watoke nje kunywa maji, kisha humfuata mlalamikaji pembeni na kumuuliza jambo kwa sauti ya chini. Wakirudi ndani kesi huwa imegeuka. Kwenye muhtasari wa kikao halimo.

Nadhani binti huyo atakuwa bora kuliko mimi.

Simu usiku

Nisieleweke kwamba kila kitu ni cha kukalishwa kwenye mkeka. Miaka miwili iliyopita nilipigiwa simu usiku na ndugu wa karibu. Binti wa shule, miaka 15, amepewa mimba na jirani mwenye duka. Familia mbili zimekwisha kuzungumza. Jirani atatoa ng'ombe wawili na kumhudumia mtoto. Walichotaka kwangu ni niandike karatasi, "kwa kuwa wewe ndiyo umesomea."

Nilikataa. Niliwaambia hilo ni kosa la jinai, waende Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na kwamba wasipokwenda nitakwenda mimi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza upatanisho kwenye mambo madogo ya watu binafsi, kama watu waliopigana makofi kilabuni. Mtoto hayumo humo.

Kuna watu wa ukoo ambao hadi leo hawanisemeshi kwa ajili ya simu ile. Wanasema nimesomea kupatanisha nikaja kutenganisha. Nimewaza sana kuhusu hilo, kwa sababu ni watu ninaowapenda, na bado ningekataa tena. Katika mazungumzo yale yote ya ng'ombe wawili, binti hakuwa ndani ya nyumba. Alikuwa ametumwa maji.

Nilipokuwa nimesimama pale mashineni Igurusi, ndiye aliyenijia kichwani. Usiku ule nililiona kosa mara moja, kwa sababu lilikuwa kubwa na la watu wengine. Aprili lilikuwa dogo na ni langu.

Mlango kwa mlango

Kuna kisa ambacho kila mwalimu wa haki rejeshi hukisimulia, nami nimekisimulia mara nyingi bila kukisikiliza. Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Elmira, jimbo la Ontario huko Kanada, vijana wawili walilewa, wakapita usiku wakiharibu mali za watu 22. Walitoboa matairi, wakavunja madirisha. Afisa wa uangalizi, Mark Yantzi, akapendekeza kwa hakimu kwamba vijana wakutane na wale waliowaharibia, na hakimu akakubali. Wakapelekwa mlango kwa mlango. Wanagonga, wanajitambulisha kwamba ndio sisi, wanasikiliza hasara. Baada ya miezi michache wakarudi kwenye milango ileile na fidia.

Nilikuwa nikikisimulia kama kisa cha fidia: tazameni, walilipa. Mwezi wa sita nilikisoma upya nikaona mpangilio wake. Walikwenda kwanza mikono mitupu. Pesa zilikuja safari ya pili.

Sisi tulizileta pesa safari ya kwanza, na safari ya pili haikuwepo.

Mmoja wa vijana wale, Russ Kelly, miaka mingi baadaye alikuwa mwanafunzi wa chuo, akamsikia mgeni aliyealikwa darasani akiieleza kesi ya Elmira, akatambua kwamba anayeelezwa ni yeye. Akaja kujitolea kwenye kituo cha upatanishi kilichozaliwa na jambo lile. Vijana wanaoniuliza wasomee wapi huwa nawasimulia na hilo.

New Zealand walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya watoto ya mwaka 1989 inaleta kikao cha familia mtoto anapokosa, na ndani ya kikao hicho kuna wakati ambapo afisa, polisi na wataalamu wote wanatoka nje, familia inabaki peke yake izungumze. Nilipokuwa nasoma hilo nilikumbuka vikao vya ukoo vya kwa babu yangu Rungwe, ambapo wageni walihamishiwa migombani mpaka waitwe. Babu hakuwa na cheti. Lakini alijua mtu wa nje atoke saa ngapi.

Saa kumi

Mwishoni mwa Julai nilirudi kijijini. Sikuwa na mradi wala fomu. Nilikwenda kwanza kwa mama peke yake, nikamwambia nimekuja kuuliza kile ambacho sikuuliza, na kwamba kama hataki ni sawa. Akasema nimpe siku mbili. Siku ya tatu akanipigia: mjomba hamtaki, shemeji hamtaki, anamtaka kijana.

Kumpata kijana ilikuwa kazi. Hakuwa tena kwa mjomba. Mjumbe mmoja mwanamke wa kamati ndiye aliyemfuata hadi kwenye boma analochungia sasa, na ndiye aliyenieleza kilichotokea baada ya picha zetu za Aprili. Kijana alikuwa ameahidiwa mtamba mmoja mwisho wa mwaka, ndiyo mshahara wake. Mjomba alipolipa laki sita, akamwambia mtamba wako ndiyo huo umeliwa na mpunga. Akaondoka mikono mitupu, miezi kumi ya kuchunga imepotea.

Katika karatasi yangu jina lake halipo hata mara moja.

Alikuja. Tulikaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya mama, kwenye mkeka wote: mama, kijana, yule mjumbe na mimi. Ilikuwa saa nane. Nilisema maneno machache ya kufungua, nikamaliza, na kwa muda mrefu hakuna aliyezungumza. Kuku walikuwa wanapekua mabua. Mkono wangu ulitaka kwenda kwenye daftari, nikaukalia.

Mama ndiye aliyeanza.

"Siku ile nilikuita kwa jina. Mara tatu. Ulinisikia?"

Kijana alikuwa akikwaruza mkeka kwa kucha. "Nilikusikia, bibi."

"Mbona hukugeuka?"

Hakujibu. Mjumbe akajikohoza kutaka kumsaidia, nikamwomba kwa macho asubiri. Sijui zilipita dakika ngapi.

"Niliwahi kula kwako," kijana akasema. "Nikaona aibu kukutazama."

Mama akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa mzigo ambao alijua utakuwa mzito. Kisha akamwambia ule mpunga ulikuwa wa nini: mjukuu wake anakwenda bweni kidato cha kwanza, godoro na ndoo na sare, na jinsi alivyokaa gizani usiku ule akihesabu ni kipi kitakosekana. Kijana aliinamisha kichwa mpaka nikaona kisogo. Alisema pole. Mama hakusema amesamehe, na mimi sikumuuliza.

Nilidhani tumefika. Nilikuwa naanza kukunja miguu nisimame.

"Lakini hapo awali mlikuwa hampiti kwangu," mama akasema. "Miaka yote mlipita kule kwenye mikwaju. Mwaka huu kwa nini?"

"Njia imelimwa, bibi. Kuanzia kwenye mikwaju hadi mfereji. Ng'ombe hawana pa kupita."

"Imelimwa na nani?"

Kijana akamtazama mjumbe. Mjumbe akatazama mkeka. Mama akarudia swali, na safari hii kijana akataja jina. Lilikuwa jina la mtu aliyekuwa amekaa nasi kwenye mabenchi mwezi wa nne.

Mama akasogea karibu naye, akanyoosha kanga kwenye magoti. "Hebu anzia mwanzo," akamwambia. "Anzia kwenye mikwaju."

Huko barabarani Noah ilipiga honi, mara mbili, kama kawaida yake ya saa kumi. Nikamuuliza mama kama ana nafasi ya kulaza mgeni.